Baiskeli Iliyosimama Kila Nyumba

Benedikto alikuwa bwana afya hadi mwaka 1993, serikali ilipopunguza watu kazini naye akapunguzwa. Alilima mihogo kwao Nyangamara miezi saba, kisha wakamwajiri watafiti wa ukimwi waliopanga nyumba mjini Lindi. Kazi yake ilielezeka kwa maneno machache: kwenda kijiji cha Kilangala kwa baiskeli, kutoa damu mikononi mwa watu waliokubali, na kuirudisha Lindi kabla barafu ya sandukuni haijayeyuka. Kila mtu alikuwa na namba. Kila baada ya miezi mitatu alitembelewa na kupewa mche wa sabuni.

Lakini mtu ambaye damu yake ilikuwa safi safari iliyopita, na safari hii ikakutwa na virusi, watafiti walimtaka zaidi. Walitaka kuuona ugonjwa unavyoanza, tangu wiki za kwanza, na kuufuata kwa miaka. Huyo Benedikto alimtembelea kila wiki mbili.

Wanakijiji hawakuambiwa hilo. Walilisoma kwenye baiskeli. Ilipozidi kusimama kwa Klementi, fundi seremala, watu waliacha kukalia viti alivyotengeneza, ingawa mwenyewe alikuwa mzima, anabeba mbao begani. Alipohama, hakuna aliyeuliza kaelekea wapi.

Septemba 1995 ikawa zamu ya Rosa. Alitaka kujua majibu yake, akapelekwa Lindi kwa mshauri, akarudi anajua. Mumewe, Alex, aliyenunua korosho kwa niaba ya wafanyabiashara binafsi, alikuwa hajui. Rosa aliomba muda: atamwambia mwenyewe, msimu ukiisha.

"Kaka Bene," alisema siku hiyo akikunja mkono wa gauni, "ukija tena usisimame kwangu tu. Simama nyumba zote nne hizi."

"Nikafanye nini huko?"

"Omba maji. Wewe huoni kiu?"

Haikuwa kwenye maelekezo ya kazi, wala hakuwaambia wakubwa zake. Alisimama kwa Likwata, kwa mzee Bonaventura, kwa Flora, kisha kwa Rosa. Kila nyumba alifungua sanduku, akaandika kitu, akanywa maji. Safari mbili zilipita salama.

Safari ya tatu alikuta sufuria na mkeka wa Biasha, mke wa Likwata, vimewekwa nje. Biasha alikuwa amekaa juu ya mkeka uliokunjwa, kanga kichwani. Majirani walikuwa barazani wanabangua korosho.

"Shikamoo, mzee Likwata."

"Marahaba. Karibu, mnywaji wetu. Zamani ukiondoka hapa, tunakusahau. Siku hizi kila wiki mbili uko mtungini kwangu. Nyangamara visima vimekauka?"

Kuna aliyecheka.

"Lori la kwenda Pande linapita saa sita," Likwata akaendelea. "Huyu anarudi kwao. Labda useme wewe. Yumo kwenye hao wagonjwa wako, au hayumo?"

Benedikto alikuwa ameweka sahihi kwamba hatatoa jibu la mtu yeyote, liwe zuri au baya. Siku zote alishangaa kwa nini hata zuri lilikatazwa. Namba ya Biasha aliijua. Ilikuwa safi. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Sema tu, kaka," Biasha alisema bila kuinua uso.

"Hayumo."

Likwata alishusha pumzi, akainama kuokota sufuria. Ndipo mzee Bonaventura alipoacha kubangua.

"Na wangu, Bene? Maana na kwangu umekunywa."

Kunyamaza sasa kungekuwa jibu.

"Hayumo, mzee."

"Na mimi?" Flora aliuliza kutoka mlangoni kwake.

"Hata wewe humo."

Ikabaki nyumba moja. Alex alikuwa kizingitini kwake anasafisha mizani, jiwe la kilo tano mkononi. Mkono wake uliokuwa unafuta ulikuwa umesimama. Barazani hakuna aliyebangua tena, na hakuna aliyemtazama Benedikto. Wote walitazama mlango ule.

Rosa alikuwa anafagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akatoka na kigoda anachokalia siku zote akitolewa damu. Zamani walikuwa wanakiweka uani. Leo alikiweka mbele ya nyumba, machoni pa watu, akakaa na kukunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Fanya kazi yako, kaka Bene," alisema. "Barafu inayeyuka."

Benedikto alipiga magoti, akafunga mpira mkononi mwa Rosa, akautafuta mshipa. Kutoka kizingitini alisikia jiwe la mizani likiwekwa chini, taratibu, halafu hatua za Alex zikija upande wao.