Deni la Siku Moja Dirishani

"Mimi nililalamikia sakafu, Mzee. Sakafu! Kiti nimekiomba saa ngapi?"

Mwenye duka la dawa alikuwa amesimama katikati ya duka lake kama mtu aliyekosea nyumba, ameshika kiti kirefu cha chuma ambacho bado kina nailoni yake. Alikuwa ameingia na furaha ya mtoa sadaka. Sasa ile furaha ilikuwa inamtoka kama upepo kwenye tairi.

"Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema miguu inakuua."

"Nilisema hivi vigae vigumu ndivyo vinavyoniua. Nikakwambia nitafutie mkeka wa mpira, ule mnene wa kusimamia. Sasa mkeka na kiti vinafanana wapi?"

"Vyote vinanunuliwa kwa pesa, wifi," keshia akadakia kutoka kwenye droo yake. "Kaa ushukuru."

"Wewe nyamaza. Wewe umekaa tangu uzaliwe."

Keshia akaangua kicheko, maana alikuwa na mwili wa kuthibitisha maneno hayo. Kumbe kiti kile kilikuwa wazo lake. Ni yeye aliyemvizia Mzee mlangoni akamnong'oneza.

Aliyekuwa anagomba hivyo ni mfamasia, mke wa kaka yake keshia. Wateja walimwita Nguzo, na yeye aliitika. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye dirisha lilelile la kupokelea karatasi za madaktari, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Wauzaji waliingia na kutoka, rangi ya ukuta ilibadilishwa mara nne, hata Mzee mwenyewe alirithi duka kutoka kwa baba yake. Nguzo alikuwa palepale.

Kilichomsukuma keshia kutia mdomo ni mguu wa kushoto wa Nguzo. Wiki tatu nyuma, kidonda kidogo kama kifungo cha shati kilitokea juu ya kifundo cha mguu na kikakataa kupona. Daktari alimwambia Nguzo bila kuzungusha maneno: ukiendelea kusimama kutwa namna hii, kidonda hiki kitakurudisha nyumbani, na huko nyumbani ndiko utakaa. Nguzo hakumwambia mtu isipokuwa mume wake. Basi ni kama alipiga mbiu, kwa maana hakuna neno lililowahi kulala kwa yule bwana bila kuamkia kwa dada yake.

"Kaka anasema ulilia," keshia alimwambia kesho yake.

"Kaka yako ana mdomo kama kapu bovu. Nililia, ndiyo. Nyumbani nitafanya nini, wifi? Nitahesabu maharage?"

Na angehesabu kweli, tena matano matano, akiyasogeza kwa kisu, kama anavyohesabu vidonge.

Sasa, mbele ya Mzee na kiti chake, Nguzo aliona uso wa yule mtu aliyenunua kiti kwa nia njema, akalegea. Akachana nailoni. Akapanda. Miguu yake ikaning'inia, akaonekana ghafla mdogo, kama mtoto aliyeletwa kunyolewa. "Haya, nimekaa," alisema. "Mmefurahi?"

Walifurahi. Keshia alifurahi kuliko wote. Miaka kumi na moja tangu aingie kazini alikuwa anaamini kwamba wifi yake hakai kwa sababu ya maringo tu. Si alikuwa anayaona yale mambo yake, na mengine anasimuliwa na kaka! Asubuhi kabla mguu haujagusa sakafu ya chumbani, anavaa soksi za kubana, hukohuko kitandani, anazivuta kama anayevisha mto foronya ya mtoto. Pea mbili za viatu: za asubuhi zinamkaa sawasawa, za mchana zimezidi namba moja. Chini ya miguu anatandika maboksi ya dawa yaliyokunjuliwa, na kila Jumatatu anatandika mapya. Chini ya kaunta ana kreti ya soda tupu ya kupumzishia mguu mmoja, nusu saa wa kulia, nusu saa wa kushoto. Kila akibandika karatasi ya maelekezo kwenye chupa, ananyanyuka kwa vidole, anashuka. Na saa saba mchana anaingia stoo, analala chali sakafuni, miguu imepanda ukutani kati ya maboksi, robo saa kamili, kama mjusi. Keshia alimwita hivyo usoni: Mjusi. Alidhani ni vituko.

Siku ile ya kiti ilienda vizuri mpaka saa kumi.

Saa kumi akaja babu mmoja wa miwani, mteja wa siku nyingi, na karatasi yake ya dawa ya presha. Nguzo aliisoma, akamwinulia macho, akaanza kumuuliza kama kizunguzungu kimepungua. Huku anauliza, mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye rafu ya pembeni, ile ya dawa zinazotoka sana. Ndivyo alivyofanya siku zote. Macho yake yalibaki kwa mgonjwa, kwa maana, kama alivyosema mwenyewe, karatasi inaweza kuandikwa vibaya lakini uso haujui kuandika vibaya.

Mkono ukarudi na boksi. Akalisoma, kwa sababu kila boksi alilisoma mara mbili, likitoka kwenye rafu na likienda kwa mtu. Mara hii swali la kizunguzungu lilikuwa bado mdomoni, akasoma jina akaridhika. Babu alikuwa ameshanyoosha mkono. Nguzo akasoma mara ya pili, akalivuta boksi kwake kama lililokuwa na moto.

"Samahani babu. Nisubiri kidogo."

Akashuka kwenye kiti, akarudisha boksi, akachukua lingine, akalisoma, akampa, akamweleza, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kumi," alisema. "Karatasi inasema miligramu tano. Nilimshikia ya kumi."

"Si umeiona, wifi? Hajaondoka nayo."

"Miaka ishirini na miwili mkono huu haujaleta kumi ukitumwa tano. Njoo hapa. Njoo uone."

Akasimama kwenye maboksi yake, akafumba macho, akapeleka mkono kwenye rafu. Ukatua kwenye tano. Akarudia, tano. Akapanda kitini, akafumba macho, akapeleka mkono uleule. Ukatua kwenye kumi. Maboksi ni sawa, jina ni lilelile, yametofautiana mstari mwembamba tu, bluu na kijani, na la tano liko rafu ya juu, la kumi rafu ya chini yake. Kiti kilikuwa kimeshusha bega lake kwa rafu moja nzima.

Keshia akasogea karibu na rafu. "Simama tena," alisema. "Fumba macho. Usichungulie."

"Tunacheza?"

"We simama tu."

Akaanza kumtajia. Ya pumu. Ya minyoo ya watoto. Ya sukari, ile ya asubuhi. Matone ya macho. Matone ya masikio. Ya kichefuchefu. Kila akitaja, mkono unaenda, unachukua, unaweka kaunta, bila kupapasa, kama mtu anayewasha taa ya chumbani kwake gizani. Keshia alitaja ishirini, na nyingine alizitaja harakaharaka kwa makusudi ili amkoseshe. Kisha akasoma maboksi moja baada ya jingine. Yote ishirini yalikuwa sahihi. Hata zile za kupaka, ambazo zinafanana kama pacha.

Kumbe mwanamke huyu hakuwa amesimama tu miaka yote hii. Alikuwa amelivaa duka zima mwilini kama gauni, kila rafu ikianzia begani mwake, kiunoni mwake, kwenye ncha ya vidole. Na yeye, kwa huruma yake ya kijinga, alimvisha gauni la mtu mwingine.

"Kiti ni mimi niliyekisema kwa Mzee," akatamka.

"Najua. Mzee hana akili ya kiti." Nguzo akakisukuma mpaka ukutani. "Kiondoke. Bora mguu uoze, kuliko nimuue babu wa watu kwa starehe ya makalio yangu."

"Na daktari je? Si alisema kidonda kitakurudisha nyumbani?"

Nguzo akaanza kurudisha maboksi kwenye rafu. Kukaa kungemkosesha kazi, kusimama kungemkosesha mguu. Lakini usiku kucha keshia aligeuka kitandani, na asubuhi alifika dukani wa kwanza.

"Wifi, mimi si nina deni lako?"

Nguzo akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Deni lilijulikana. Miaka tisa iliyopita keshia alimwomba amshikie droo nusu saa, aende harusini kumpongeza rafiki yake tu na kurudi. Alirudi kesho yake. Nguzo alihudumia dirisha na droo kutwa nzima peke yake, na tangu hapo kila wakigombana alimalizia hivyohivyo: "Na siku yangu moja ya kusimama?"

"Leo nalipa," alisema keshia. "Wewe kaa kwenye kiti changu cha droo, mguu juu ya kreti. Karatasi zote zije kwako kwanza. Wewe soma, wewe angalia nyuso za watu, wewe uliza maswali yako. Ukiniambia lete, naleta. Ukilisoma boksi mara zako mbili ndipo liende. Rafu iko nyuma yako, kwa hiyo mkono wako hauna pa kudanganyika. Mkono ni mimi."

"Mkono wenyewe unakula karanga kazini."

"Leo umefunga."

Nguzo alitazama mguu wake, akaenda kukaa.

Keshia akasimama dirishani. Maboksi ya wiki yalikuwa yamechakaa, akayaondoa atandike mapya, na hapo akaviona vigae. Vilikuwa vigae vya maua, duka zima maua mekundu. Lakini pale maua hayakuwepo. Yalikuwa yamefutika yakabaki mabaka mawili meupe, yamelingana, kila moja na umbo la mguu. Kabla ya kuja akili ya maboksi, miguu ile ilikuwa imekula maua ya kigae.

"Unatafuta nini huko chini?" Nguzo aliuliza.

"Hakuna," alisema keshia, na akaweka miguu yake juu ya yale mabaka taratibu, kama anayeingia nyumba ya watu.

Saa tatu alikuwa bado anatania wateja. Saa nne kisigino kilianza kuongea. Saa tano kiuno kikajibu. Alikuwa anahesabu safari za kwenda rafuni na kurudi, apate cha kujisifia kwa kaka yake, lakini ilipofika mia na sabini na kitu hesabu ikampotea na haikuwa hata adhuhuri. Na nyuma yake sauti ya Nguzo haikupumzika: "Lete ya kikohozi, ya mtoto, siyo hiyo, ya chini. Mama, mtoto ana kilo ngapi? Mbona mwepesi hivyo? Rudi kwa daktari na karatasi hii, mwambie aangalie tena kipimo. Usinunue kwanza." Alikuwa amekaa, lakini macho yake yalikuwa yamesimama wima.

Saa saba keshia aliingia stoo bila kuulizwa, akalala chali, akapandisha miguu ukutani. Damu ilishuka mapajani kama maji ya bomba lililozibuliwa, akatoa sauti. Alishtuliwa na mkono begani.

"Amka, Mjusi. Robo saa imeisha."

Saa kumi Nguzo akamwita. "Njoo ukae. Hizo saa mbili zilizobaki nakusamehe."

"Sitaki msamaha wako, utanisimanga miaka tisa mingine."

Akasimama. Midomo ilikauka, vidole vya miguu havikujulikana kama ni vyake, lakini alisimama. Mzee alipita na mkeka mnene wa mpira begani, akamkuta keshia dirishani na mfamasia kwenye droo, akafungua mdomo, akaufunga, akautandika mkeka bila kuuliza, kisha akauliza kidogokidogo. Wakamweleza: asubuhi Nguzo atasimama na mkono wake, mchana atakaa na mkono wa wifi yake. Mzee akasema daktari atakubali. Nguzo akasema yeye ndiye atakayemwambia daktari akubali.

Saa kumi na mbili keshia alishuka kwenye mkeka, akajaribu kuinama afungue kamba za viatu, akashindwa. Miguu ilikuwa imevimba na kujaa viatuni kama unga uliotiwa hamira.

Nguzo akashuka kwenye kiti. Akapiga goti la mguu mzima, akafungua kamba moja, akafungua ya pili, akavivuta viatu polepole. Kisha akavuta chini ya kaunta ile pea yake ya mchana, iliyozidi namba moja, akamvisha.

"Sasa umejua kwa nini ni vikubwa."

"Nimejua, wifi."

"Haya. Siku yangu moja nimeipokea," alisema Nguzo, na akazima taa ya dirishani.