Siku Tuliyopanda Kuutafuta Rungwe

Upepo wa Sumbawanga una sauti yake, na aliyeisikia utotoni haimtoki masikioni. Huanza mvua zinapokatika, ukishuka kutoka milima ya Mbizi na kupita juu ya nyasi za Ufipa bila kukuta mti wa kuuzuia, halafu unaingia mjini na kuanza kuchezea mabati. Nyumba yetu ya serikali pale mtaa wa Malangali ilikuwa na bati moja lililolegea juu ya chumba tulicholala mimi na mdogo wangu Lusajo. Bati hilo lilinong'ona, likagonga, likanyamaza, likanong'ona tena, na mimi nikawa nasinzia nikidhani nyumba nzima iko safarini. Nililipenda sana. Mama alilichukia. Alisema kwao upepo unapita kwenye migomba kwa adabu, hauwagongei watu nyumba kama mgambo anayesaka wazururaji.

Kwao kulikuwa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, na baba naye alitoka huko huko. Baba alikuwa bwana shamba. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa mabwana shamba walihamishwa huku na huku, na zamu yake ilipofika akapangiwa Rukwa, nasi tukafuata tukiwa juu ya magunia, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi zake mama walikuwa wamemtia hofu tangu mwanzo. Walimwambia jina la Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. "Sasa kama watu wanaambiwa wautupe," walisema, "si ina maana wanao?" Mama alikuwa mlokole, hakuogopa uchawi, au ndivyo alivyodai, ila mwezi wa kwanza wote alianika nguo zetu ndani. Kilichomshinda hasa hakikuwa wachawi. Ulimshinda ule uwazi. Alizoea kufungua mlango akakutana na mgomba, na nyuma ya mgomba jirani, na nyuma ya jirani mlima. Huku alifungua mlango akakutana na anga tupu, akaufunga.

Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua maharage aliposema, bila kupandisha sauti, kwamba shule zikifungwa anarudi kwao na watoto wake, na kwamba hajui kama atakuja tena. Baba alikuwa msemaji hodari. Vijijini alisimama juu ya kigoda akasema "ndugu wananchi" na watu wakanyamaza. Bahati mbaya hakuwa na sauti nyingine, hata kwa mkewe. Akamwambia kwamba serikali ndiyo iliyompanga, kwamba kujenga taifa hakuchagui mahali, kwamba mke wa mtumishi wa umma lazima aelewe. Mama akamjibu, "Mimi siyo kijiji, Baba Tumpe. Usinihutubie." Mimi, Tumpe mwenyewe, nikachambua tena maharage ambayo nilishayachambua. Nilimpenda baba kupita kiasi, na sikuweza kufikiria kuishi mahali ambapo yeye hayupo.

Ndipo baba alipoyatoa maneno ambayo sijui aliyaokota wapi. Alisema kule juu ya Mbizi, kwenye matanuru ya kale ya kuyeyushia chuma, hewa ikiwa safi, mtu anauona mlima Rungwe. Mama akaacha kukoroga mboga. "Unaonekana?" Baba akasema, "Unaonekana." Mama akasema basi ampeleke. Akiuona kwa macho yake atakaa, na siku akizidiwa atakuwa anapanda kuutazama. Asipouona, Jumatatu anapanda basi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, likizo ya mwezi wa sita, kwenye lori la ushirika lililokuwa likienda kuchukua maharage kijiji cha chini ya mlima. Pamoja nasi alikuwa jirani yetu Mama Oresta, Mfipa mnene mcheshi ambaye baba yake mzazi alifanya kazi kwenye matanuru hayo ujanani, kabla majembe ya dukani hayajayaua. Alimbeba Lusajo mgongoni kama wake. Tulichukua ugali wa ulezi uliofungwa kwenye kitambaa, samaki wakavu wa migebuka, na chupa ya chai isiyo na sukari, maana sukari siku hizo tuliisikia tu redioni. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Umande ulilala juu ya nyasi mpaka nchi nzima ikawa nyeupe, na lori lilipopita, nyuma yetu palibaki mstari mmoja wa kijani. Mimi niliyafumba macho nikamwomba Mungu jambo moja tu, ayashike mawingu popote yalipo mpaka tushuke.

Lori lilipotuacha tukaanza kupanda kwa miguu. Sijui tulitembea muda gani. Siku ile katika kumbukumbu zangu haina saa, ina mwanga tu unaobadilika. Njia ilipita kwenye matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyajenga kwa kufukia majani, mamia kwa mamia, kana kwamba kondoo wamelala mlimani wakageuka udongo. Bibi mmoja aliyekuwa akivuna ulezi alituona, akachuchumaa kando ya njia na kutupigia makofi ya polepole, ndiyo heshima ya huko. Mama akataharuki kuona mtu wa umri ule akimchuchumalia, akapiga magoti haraka mpaka akajichoma na bua. "Shikamoo mama, inuka, tafadhali inuka." Bibi akacheka bila meno, akampa konzi ya ulezi. Mbele zaidi matuta yakaisha, zikabaki nyasi na upepo, na kwenye mabonde vipande vya msitu wa giza ambamo nyani walikohoa. Nilianza kuhisi tumetoka duniani. Nilipogeuka, Sumbawanga ilikuwa mng'ao wa mabati machache tu, ningeweza kuufunika kwa kidole gumba.

Matanuru yalitokea ghafla. Yalisimama kwenye mgongo wa mlima, marefu kuliko baba mara mbili, ya udongo wa kichuguu uliokauka ukawa mgumu na mwekundu. Mengine yalikuwa yamepasuka, mengine yameota majani juu kama nywele, yote yametulia utadhani tumeyakatiza mazungumzo. Chini yalikuwa na matundu ya kupitishia hewa. Nikapenya kwenye tundu moja kubwa nikaingia ndani, nikakaa juu ya majivu ya watu nisiowajua, nikainua uso. Juu kulikuwa na duara moja la anga, bluu kabisa, na upepo ukipita mdomoni mwa tanuru ukitoa sauti nene, ile ile ya bati letu lakini ya kiume. Nilisahau Jumatatu. Nilisahau hata jina langu, nadhani, mpaka Mama Oresta aliponiita nitoke nisije nikaumwa na nge.

Tukala tukiwa tumeegemea ukuta wa tanuru upande usio na upepo, na Mama Oresta akatueleza kwamba wazee walilitendea tanuru kama bibi harusi. Lilipokamilika walilipamba kwa maua, wakaliimbia nyimbo za arusi, maana chuma ndicho kingekuwa mtoto wake. Hapakuwa na mivukuto, upepo wa mlima ulitosha kuukoleza moto, kwa hiyo ilibidi kungoja siku nyingi. Wanawake hawakuruhusiwa kukaribia, wao walizisikia nyimbo kwa mbali wakiwa mashambani. "Na kama chuma kilikataa kutoka?" mama akauliza. Mama Oresta akasema, "Basi ujue bibi harusi amenuna. Hafokewi huyo. Wanaume wazima, na ndevu zao, wanapiga magoti hapo wanambembeleza." Akamtupia baba jicho, akaongeza, "Baba Tumpe, unasikia lakini? Au tukuletee kigoda?" Mama akauma midomo asicheke. Baba alitafuna mgebuka wake muda mrefu sana.

Kisha tukaenda ukingoni. Hata leo sijui niusimulieje ukingo ule. Unatembea juu ya nyasi, unatembea, halafu nchi inakwisha. Chini kabisa, mahali ambapo ndege wanaruka ukiwaona migongo, lilikuwa limetandaa ziwa Rukwa, jeupe, halina mwanzo wala mwisho, limechanganyika na hewa. Ng'ambo yake palikuwa na ukuta mwingine wa milima, wa buluu iliyofifia, na nyuma yake mwingine uliofifia zaidi, kama nchi iliyochorwa na mtu akaanza kuifuta. Hapakuwa na wingu hata moja. Mungu alikuwa amenisikia. Baba akanyoosha mkono upande wa kusini mashariki, kwenye kitu kama uvimbe mdogo wa kijivu, akasema kwa sauti yake ya mkutano, "Ule pale. Rungwe." Mimi nikadakia palepale, "Nauona! Mama, mimi nauona!"

Mama alitazama. Alikinga macho kwa kiganja, khanga ikipepea miguuni, akatazama mpaka nikasikia Lusajo akihema usingizini mgongoni kwa Mama Oresta. Kisha akashusha mkono. "Baba Tumpe," alisema taratibu, "mimi na wewe tumezaliwa chini ya mlima mmoja. Nimeuamkia kila siku mpaka uliponioa. Ule siyo Rungwe." Akanigeukia, "Na wewe umerithi uongo wa baba yako." Nikaanza kulia. Baba alisimama na ule mkono wake bado hewani, halafu akavua kofia, akaketi chini kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa miguu. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akikaa chini hivyo mbele ya watu. Akasema, na sauti haikuwa ya mkutano, ilikuwa ndogo, ikachukuliwa na upepo nusu yake, "Najua siyo. Hauwezi kuonekana kutoka hapa. Sikuweza kukwambia usiondoke, sikujua ninaanzaje. Nakuomba usiondoke. Usipokuwepo mimi naogopa ile nyumba."

Mama Oresta akajifanya kuna kitu anakitafuta kwenye matanuru, akaenda zake. Mama akabaki amesimama. Nilidhani atafoka. Badala yake akaketi karibu naye, akamfuta vumbi begani na kusema, "Si ungeyasema haya nyumbani? Umetupandisha mlima wote huu!" Akaanza kucheka. Loo, alivyocheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, na baba naye akacheka kwa aibu, na mimi nikacheka bila kujua kwa nini huku kamasi zikinitoka. Tulikaa pale wote tukilitazama lile ziwa lisilo na mwisho mpaka jua likaanza kulitia rangi ya dhahabu na kivuli cha mlima kikalifikia. Nilijua yamekwisha. Nilishuka nikiruka njia nzima.

Kumbe mama alikuwa mtu wa neno lake. Jumapili jioni alifunga sanduku. Alisema hakuuona Rungwe, na makubaliano ni makubaliano. Ila alimchukua Lusajo peke yake, mimi akaniacha, akamwambia baba, "Huyu abaki akupikie." Hakusema atarudi lini na baba hakuuliza. Kituoni baba hakuhutubia. Alimwambia tu, "Nitakungoja," na basi likaondoka na vumbi lake. Siku zilizofuata nilipika ugali wenye mabuja ya unga mbichi na baba akausifu. Kila basi kutoka Tunduma lilipoingia tulikuwa pale, yeye akijidai ana shida na utingo, na kila liliposhusha watu wote na kubaki tupu alinishika mkono tukarudi nyumbani. Niliacha kulisikiliza bati. Likizo ilikuwa imebaki kidogo sana mama alipokuja kushuka, Lusajo amemlalia, vumbi limemgeuza bibi kizee, na maneno ya kwanza aliyosema ni kwamba nimekonda.

Baba ametangulia mbele za haki, na mama bado anaishi Malangali, kwenye nyumba yake mwenyewe. Hataki kusikia habari za kuhamia kwetu Dodoma. Siku hizi Sumbawanga na Mbeya ni lami tupu, mtu anakunywa chai huku na kula mchana kule. Mume wangu anafanya kazi mkoa mwingine, na kila jioni tunaonana uso kwa uso kwenye simu, tunaulizana watoto wamekula nini, tunakata. Hatugombani. Hatujawahi kuwekeana masharti ya mlima wowote, na kuna jioni, simu ikishazima, najikuta nawaonea wivu wazazi wangu kwa ule ugomvi wao. Nilipokwenda kumsalimia mama safari iliyopita nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza, kilichomrudisha. Nilitegemea ataniambia ni mimi, au ni yale maneno ya baba. Akasema juma la pili baada ya kufika kwao alipanda Rungwe, akapita mashamba ya watu wote mpaka mahali ambapo hakuna tena shamba, akageukia upande wa Ufipa.

"Nilijua hapaonekani," alisema. "Si mimi niliyembishia baba yako? Lakini nilitazama tu. Nimetazama mwanangu, nimetazama mpaka macho yakauma, ukungu mtupu. Nikashuka mbio kama kichaa, nikamwambia bibi yako, mama, nifungie chakula cha njiani."