Mwenye Shamba la Bwawa la Pili

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri nisifiwe nitazeeka: mabwawa ya majitaka ya mji wetu nimeyapanga mimi. Tarime imejaa. Nyumba za kupanga zimepanda mpaka mlimani, mashimo ya vyoo yanafurika kila masika, na gari la kunyonya likija mtaa mzima unafunga madirisha. Nikasema, jamani, majitaka nayo ni maji! Yateremshwe bondeni, yatulie kwenye mabwawa matatu, tope likae chini, jua na vijidudu vifanye kazi yake, kisha yakamwagilie majani ya ng'ombe. Wakubwa walikuja na michoro ya mapampu. Pampu ya nini, na mteremko tunao? Niliwapigia hesabu palepale, wakakunja karatasi zao.

Bwawa la pili liliangukia shamba la mihogo. Kila mwenye shamba alikuwa apewe jingine upande wa juu, kwa hiyo nilipita kuandika majina. Katikati ya ile mihogo nilimkuta mwanaume amesimama. Akasema shamba ni la marehemu kaka yake, na aliyebaki ni yeye. Nikaandika jina lake, wala sikuuliza mara mbili.

Wiki iliyofuata akaingia ofisini bibi mmoja, nyuma yake mwanamke wa rika langu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mabwawa?"

"Ndiye mimi."

"Umempa shemeji yangu shamba langu. Mume wangu alikufa hatujapata mtoto wa kiume. Huyu hapa ni mke wangu, nimemtolea ng'ombe. Ana watoto wanne, wote wa nyumba yangu. Shemeji akichukua hilo shamba jipya, hawa watalima wapi?"

Wenzangu wawili, wageni wa huku, wakaangua kicheko. "Bibi ana mke! Haya makubwa!" Yule mwanamke akainamisha uso. Bibi hakuwageukia hata kidogo, alikuwa ananikazia macho mimi.

"Hao siwalaumu," akasema. "Wewe Mkurya. Ulishindwaje kuuliza shamba ni la nyumba gani?"

Kwetu shamba ni la nyumba, yaani la mama na watoto wake, na hilo hata mtoto analijua. Sikuuliza kwa sababu jibu kama la bibi huyu nimelikwepa maisha yangu yote. Bibi yangu wa kijijini Susuni ndiye aliyemwoa mama yangu. Alitoa ng'ombe, nikazaliwa katika nyumba yake, akanisomesha kwa jembe lake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kisha hasira, na nyingi ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Hebu nyamazeni," niliwaambia wenzangu. "Hiyo inaitwa nyumba ntobhu, mwanamke anaoa mke ili nyumba yake ipate watoto, na mimi nimezaliwa humo. Mama yangu aliolewa na mwanamke, na mwanamke huyo ndiye aliyenifanya mhandisi. Kuna swali?"



Nikaichana ile karatasi na kuandika upya: mwenye shamba, bibi; mke, huyu aliyekuja naye; watoto, wote wanne. Shemeji alikuja siku ya pili akifoka. Nikampeleka kwa wazee wa ukoo wake, nao wakamwambia waziwazi kwamba nyumba ile ina watu, aiache. Nilirudia bonde zima nikiuliza upya, shamba kwa shamba, na nikakuta nyumba nyingine mbili nilizokuwa nimezifuta. Mpango wangu sasa umesimama sawasawa, wala sioni wa kuutingisha.

Siku ya kuweka dole gumba, bibi alimaliza, akafuta wino kwenye kitenge chake, akaniuliza, "Na wewe, kwenye karatasi zako, penye jina la baba umemwandika nani?"

"Mjomba."

"Mjomba ndiye aliyetoa ng'ombe?"

"Hapana, bibi."

"Na aliyetoa, alijua?"

Nikamwambia ukweli. Bibi yangu hakujua kusoma. Siku nilipojaza fomu ya sekondari aliniita nimsomee yote, mstari kwa mstari. Nilipofika penye jina la baba, palipoandikwa la mjomba, nikamsomea jina lake yeye mwenyewe, na akapiga vigelegele.