Mama Alitaka Kuruka na Fundi

Nilianza kumwonea wivu mdogo wangu siku mjomba alipopiga simu. Si wivu wa kununa. Mimi kununa siwezi, hata gereji huwa wananiambia meno yangu hayapumziki. Ulikuwa wivu wa kucheka na watu huku tumbo linawaka.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa Kasulu alisema akapasuliwe Dar es Salaam, na asiende kwa basi, maana damu ilikuwa inamtoka na njia ni ndefu. Mjomba, kaka yake mama, anaishi huko Dar. Akakata tiketi mbili za ndege kutoka Kigoma, moja ya mama, na moja ya mdogo wangu wa kike, ambaye alifunga cherehani yake Kibondo akaja kwetu Nyakitonto, kijiji cha Kasulu, kumuuguza.

Mdogo wangu! Mtu ambaye akipakiwa bodaboda anafumba macho mpaka afike. Sisi tumekulia Kibondo, karibu na uwanja ule wa vumbi ambapo ndege ndogo za watu wa misaada zilikuwa zinashuka. Zikisikika tu, watoto tulikimbia kuwatoa mbuzi uwanjani, na mimi nilikuwa wa mbele kila mara, nisimame pale vumbi litakaponipiga usoni. Yeye alikuwa anabaki nyumbani anasonga ugali. Nikija kumsimulia anasema, "Kaka, nawa mikono." Sasa huyo ndiye amepewa kiti.

"Utakaa dirishani?" nilimuuliza.

"Sijui. Popote."

Popote! Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Nifafanue kidogo kuhusu kazi yangu. Darasani sikufika mbali, ila pikipiki nazijua. Gereji yetu ya Kasulu ina sheria moja ambayo bosi haipindishi: ukifunga breki, wewe mwenyewe ndiye unapanda kwanza, unashuka nayo mteremko mpaka mtoni na kurudi, mwenye pikipiki amesimama anakutazama. Bosi huyo huyo ana kopo la nati zilizokwisha meno, na siku za biashara mbaya macho yake yanaliendea. Lakini akikumbuka mteremko, anamtuma mtu dukani kununua mpya. Mama anaijua sheria hiyo. Aliwahi kuja na mkungu wake wa ndizi akanikuta ndiyo kwanza nateremka, akapiga kelele mpaka wateja wakacheka.

Siku moja kabla ya safari alikuja dereva wa bodaboda, jirani yetu, kuleta dawa kutoka mjini. Akakaa, akapewa chai, akatoa simu yake.

"Mama, mnapanda ndege kweli? Hizi ndege za siku hizi zinaundwa mbio mbio. Hebu angalia. Wafanyakazi wenyewe wa kiwanda wanalalamika. Wanasema mabwana wakubwa wamepunguza wakaguzi ili faida ipande. Kuna ndege ilichomoka kipande cha ubavu huko huko angani. Boliti zilifunguliwa kiwandani, hakuna aliyezirudisha."

"Ubavu mzima?" mama aliuliza.

"Kipande, kama mlango hivi. Watu wamekaa wanatazama mawingu."

"Mawe we!" Mama alimaka kwa Kiha, akaweka kikombe chini. Hakumtazama tena yule dereva, alinigeukia mimi. "Fundi. Ni kweli?"

Habari ile nilikuwa nimeiona kitambo. Nilikuwa nimeisikiliza mara kadhaa, maana jambo lolote la ndege mimi silipiti. Kilichoniudhi si boliti tu. Boliti hata mimi naweza kuisahau, ndiyo maana kunakuwa na mtu wa pili wa kuangalia. Kilichoniudhi ni kwamba huyo mtu wa pili ameondolewa na bwana aliye ofisini, na huyo bwana hakuna anayemwambia, haya, panda wewe kwanza, shuka mteremko tukuone.

"Ni kweli, mama," nilisema.

"Na waliofunga hizo boliti, walipanda kwanza?"

"Sijui."

"Ndege ya kesho imetoka kwa hao?"

"Sijui, mama. Viwanda viko vingi. Ila nyingi zinaruka na kufika kila siku."

"Basi siendi."

Mdogo wangu alimtazama yule dereva kwa jicho ambalo lilimfanya anywe chai haraka, aage. Tukabaki kumbembeleza mama. Daktari alisema asichelewe. Mama alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Halafu akasema, "Nitakwenda. Ila nitakwenda na fundi. Huyu akikaa karibu yangu atasikia mlio ukibadilika. Huyu dada yake atasikia nini?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Mdogo wangu hata hakubisha. "Nenda wewe, kaka," alisema, na uso ukamlegea kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Tukampigia mjomba. Akasema jina kwenye tiketi bado linaweza kubadilishwa, mradi tumwambie jioni ile ile.

Jamani, nilifurahi. Nilipiga pasi shati langu la Jumapili. Nilimwambia hata mbuzi wa jirani kwamba kesho atanitazama kwa chini. Mdogo wangu akaanza kunipa maelekezo. Dawa hii asubuhi, hii baada ya chakula. Vitambaa viko mfuko huu. Vikilowa unabadilisha, usimwache akae navyo, na wakati wa kumwosha unamshika hivi kwa nyuma, maana akiinama anaumia.

Hapo akakatiza, akaanza kukunja upya vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Mama aliita kutoka chumbani, damu ilikuwa imeanza tena. Niliingia nimebeba beseni la maji. Akavuta kitenge mpaka kidevuni, akaniita mwanangu kwa Kiha. "Weka hapo, mwana wanje. Toka kidogo."

Nikasimama nyuma ya mlango na shati langu la Jumapili. Nilisikia maji yakimiminwa, mama akiguna, mdogo wangu akimwambia polepole, bado kidogo, bado kidogo. Nikafikiria nyumba ya mjomba. Mkewe alishafariki, ana vijana wa kiume watupu. Nani angesimama ndani ya chumba, na mimi nimesimama nje? Mama angekaa na vitambaa vilivyolowa kwa aibu ya kuniita. Namjua. Angekaa navyo safari nzima huku anatabasamu.

Nilirudi ndani walipomaliza. "Mama, anayekwenda ni huyu."

"Nilisema fundi."

"Fundi hatakuosha."

Mama akatazama ukutani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwambia nitawasindikiza mpaka Kigoma, nitaiangalia ile ndege kwa macho yangu, na nikiona jambo lisilonipendeza nitawarudisha wote nyumbani. Nilijua ninachosema hakina miguu, maana mimi na ndege wapi na wapi. Lakini alifikiri, akasema, "Ego." Kwa Kiha hilo ni ndiyo, na mama akishalisema halibadiliki. Mdogo wangu alimpigia mjomba kwamba jina libaki lake, akachukua mfuko wake. Nilitamani anyang'anywe tena kile kiti.

Kigoma tulifika mapema. Mama alikaa kwenye benchi nje ya jengo, akasema hapiti mlangoni mpaka nirudi. Nilikwenda kwa mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuiona ndege kwa karibu."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Wa ndege?"

"Wa pikipiki."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimweleza habari za mama. Akaacha kucheka, akanionyesha sehemu ya senyenge. "Simama pale. Usiguse waya. Na ukiona pikipiki inaruka uniite."

Ndege ilikuwa ya mapangaboi, mabawa yake juu ya madirisha. Rubani mmoja, dada wa umri wangu tu, alikuwa anaizunguka peke yake. Aliinama kwenye tairi, akamulika kwa tochi mchana kweupe. Akapita chini ya bawa, akashika kitu, akakitikisa, akarudi tena pale pale kukitazama. Hakuwa na haraka. Nilimwonea wivu mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nimeshika waya niliokatazwa.

Kisha akapanda ngazi, akaingia ndani ya ndege ile ile aliyotoka kuikagua.

Nilirudi mbio kwa mama. "Rubani mwenyewe ameikagua, tairi kwa tairi. Na amepanda. Yumo ndani."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Kiwandani kwao sikufika, mama. Hapa nimeona."

Mama aliinuka. Mdogo wangu alimshika kiuno, wakapita mlangoni. Nilibaki hapo senyenge mpaka ndege ikawa kinukta juu ya ziwa, halafu nikabaki tena.

Jioni simu ililia. "Kaka, tumefika salama. Mjomba ametupokea. Mama anakula."

"Ilikuwaje huko juu?"

"Sijui, nilisinzia tangu tulipofunga mikanda."

Nilikata simu. Nikampigia tena kumwomba radhi, nikamwambia mtandao mbaya.

Siku za upasuaji sitaki kuziandika. Nilifunga breki za watu vibaya, nikazifungua, nikafunga upya. Bosi aliniondoa kwenye breki akaniweka kwenye kuosha mnyororo, na alikuwa na haki. Mpaka mchana mmoja mama akapiga mwenyewe, sauti nyembamba.

"Wameutoa, mwana wanje. Wamenionyesha. Mkubwa kama embe."

Nililia hapo hapo, mikono ina mafuta. Mama aliningoja nimalize. Halafu akasema, "Sasa nikwambie. Mimi sikulala. Dada yako anakoroma, mimi nimekaa dirishani. Ile pangaboi inazunguka mpaka haionekani. Na tunapotaka kushuka, chini ya injini kijumba kinafunguka, tairi linatoka lenyewe. Linajinyoosha kama mguu wa ndama anayezaliwa. Hapa, karibu na uso wangu!"

"Linatoka kwa mbele au kwa nyuma?"

"We! Ulikuwa hulijui?"

"Nimeliona kwenye simu tu."

"Kumbe!" Alicheka, akajishika tumbo, akalalamika mshono. "Basi mimi nimeliona."

Nilimuuliza kama lilitoka kwa mtikisiko au taratibu, kama kuna mlio, kama aliona vyuma vinavyolisukuma, vingapi, vinang'aa au vina grisi. Alijibu moja moja, kwa maringo, mpaka muuguzi akamwambia simu inatosha.