Kadi Mpya ya Mume Wangu

Mume wangu aliamini kwamba kompyuta yake ndiyo inayoharibika. Mimi nilikuwa na wasiwasi na macho yake. Kisukari anacho tangu tukiwa Dar es Salaam, vidonge anameza akikumbuka, na siku za karibuni alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe halafu analaumu taa ya jikoni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba moja huku Quakers Hill, Sydney, kwa hiyo watu wasioona vizuri nawajua. Wanageuza shingo kama kuku anayetafuta punje. Kabla ya kuweka kitu mezani, wanapapasa kwanza ukingo wa meza. Mume wangu alikuwa anapapasa.

Lakini utamwambia nini mtu kama yule? Aliendesha lori kati ya Dar na Lubumbashi miaka na miaka, na mpaka leo ukimpa ushauri anakutazama kana kwamba wewe ndiye utingo wake. Huku Sydney anaendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la Smithfield. Akirudi, hata viatu havui, anakaa mbele ya kompyuta yenye usukani na pedeli zake na kucheza gemu ya malori. Mwanzoni nilimcheka sana. Mtu mzima, anawasha umeme aendeshe lori la uongo! Baadaye nikaona kwamba ni pale tu anaposahau kuwa yuko mbali na kwao, nikamwacha.

Basi akaanza kulalamika kuwa barabara ya kwenye gemu ina ukungu. Vibao havisomeki, mistari haionekani. Akasema kompyuta haina nguvu, inahitaji kadi ya picha, yaani kile kifaa cha ndani kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye skrini. Nikamkumbusha kwamba daktari wa macho kule Blacktown ametuma ujumbe mpaka amechoka. Nikamwambia, mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Nani anaumwa hapa?" akasema. "Inayoumwa ni kompyuta."

Jumamosi akaja na kadi ya mtumba, kubwa kama tofali, aliyouziwa na Mkongomani anayefanya naye kazi. Akaifungua kompyuta kwenye meza ya chakula, akachomeka kila kitu mwenyewe, mimi kazi yangu kushika simu na kummulikia. Nikijaribu kusogeza mkono, ananiambia nisiguse. Akawasha. Feni zikazunguka, vitaa vya ndani vikawaka kama ukumbi wa harusi, na skrini ikabaki nyeusi.

Tukaitoa kadi, tukarudisha waya wa skrini pale ulipokuwa zamani. Picha ikaja. Tukairudisha kadi. Giza. Nikatafuta video kwenye simu, nikamsomea maelekezo. Tukasugua meno ya kadi kwa ufutio wa penseli. Tukabadilisha waya wa skrini. Tukaibana kadi upya mpaka nikaogopa itakatika. Kila mara alisogeza uso karibu na skrini na kuuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado."

Nami kila skrini ilipobaki nyeusi, moyo wangu ulitulia kidogo. Picha ikija na barabara ikabaki na ukungu ule ule, hatakuwa tena na kompyuta ya kusingizia, na sikujua ningemshikaje siku hiyo. Isipokuja, ataendelea kuilaumu kompyuta, na Jumatatu atapanda foklifti na macho yale, katikati ya watoto wa watu. Nilitaka kumwomba Mungu, nikashindwa kujua niombe lipi.

Mwishowe nikampigia yule Mkongomani.

"Mama, ile carte iko muzima," akasema. "Nilijaribu yenyewe kwangu. Mulitia courant yake, ile umeme? Kuko câble ya pembeni, ya pini munane. Muangalie kama iliingia yote."

"Mwambie nimechomeka!" mume wangu akapaza sauti. "Nimefunga trela usiku Tunduma, mvua inanyesha, nitashindwa na pini nane?"

Nikamulika. Wala haikuhitaji ufundi. Ule waya kichwa chake kina vipande viwili. Kikubwa kilikuwa kimeingia, na kidogo, cha pini mbili, kimebaki nje kinaning'inia kwenye mwanga, mbele ya pua yake. Mtoto wa chekechea angekiona. Yeye alikipapasa, akasikia kitu kimeingia, akaridhika.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Zima kwanza."

Nikaushika ule waya, nikakaa nao. Ningeweza kuuacha vile vile, kadi ikarudishwa kwa mwenyewe, tukaishi hivyo hivyo wiki nyingine. Nikafikiria foklifti. Nikauchomoa, nikaunganisha vipande vyote viwili, nikausukuma mpaka ukalia ka! Yeye akabonyeza swichi.

Skrini ikawaka. Ilikuwa picha safi ajabu. Mimi niliyesimama nyuma yake niliweza kusoma vibao vya barabarani na kuona matone ya mvua kwenye kioo cha lori.

"Nilikuambia!" Akapiga meza kwa furaha. "Nilikuambia ni kadi!"

Akakaa kwenye usukani, akaondoa lori. "Sasa hii ndiyo barabara," akasema. Lori lilikuwa limeshavuka mstari wa katikati. Gari dogo likampigia honi na kumkwepa, naye akacheka, akasema madereva wa siku hizi hawana adabu. Akarudi kushoto. Mbele, upande wetu, kulikuwa na lori lililoharibika, limesimama, taa zake za hatari zinawaka na kuzima. Nililiona tangu mbali. Yeye alikuwa anaongeza mwendo.

Nilingoja afunge breki. Nilingoja sana.

"Mbele," nikasema, kwa sauti ile ninayoongea na wazee wangu kazini, "kuna lori limesimama."

Akakanyaga breki. Hakugeuka kunitazama. Akafuta skrini kwa mkono wa shati, halafu akafuta macho, halafu akafuta skrini tena. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, kama kitu alichosahau kukiondoa.

"Liko upande gani?" akauliza polepole.

"Upande wetu."

"Mbali?"

Lilikuwa limejaa skrini nzima.