Dereva wa Garsen na Mume wa Kwanza wa Kadii

Garsen haina reli. Haijawahi kuwa nayo, na habari za reli itakayopita huku siku moja zimewazeesha wengi. Lakini mtaalamu wa treni yupo, tena wa kutosha mji mzima na chenji ikabaki. Anaitwa Kadenge Gona, ila jina hilo hulisikii sana. Mjini ni Dereva.

Tangu astaafu na kurudi kutoka Mombasa, kila asubuhi huketi katika mkahawa wa Batula karibu na stendi, huagiza chai na mahamri, na somo likaanza. Kichwa cha treni ya mizigo, husema, si kitu cha kuzungumzwa kijuujuu. Kuna cha ekseli nne, yaani jozi nne za magurudumu, na cha ekseli sita. Kuna cha nguvu za farasi elfu moja na mia nane, chepesi, kinachoondoka kwa mbwembwe na kuishiwa pumzi kwenye mlima wa Mazeras. Na kuna cha elfu mbili na mia sita, kizito, kinachoanza taratibu kama mzee anayeinuka mkekani, lakini kikishika kimeshika. Basi watu wote wa Garsen amewapanga humo. Afisa mmoja wa kaunti ana kelele za silinda kumi na sita na mvuto wa nne. Hiribae, mfanyabiashara wa ng'ombe, ni ekseli sita, ila breki hana. Mkewe mwenyewe, Kadii, alimweka kwenye vile vichwa vidogo vya kupangia mabehewa stesheni.

"Na wewe uko wapi humo?" Batula alimwuliza siku moja.

"Mimi? Mimi ndiye niliyeviendesha vyote."

Uongo mtupu. Kadenge hakuendesha hata kimoja. Reli ni chuma na gurudumu ni chuma; yakiingia manyunyu kidogo, magurudumu huzunguka papo hapo na treni isiende popote, hata injini iwe na nguvu gani. Ndiyo maana kila kichwa hubeba masanduku ya mchanga mkavu, na dereva huumwaga kidogo kidogo mbele ya magurudumu yapate kushika. Mchanga huo lazima mtu aukaushe, auchekeche na aujaze. Mtu huyo, tangu kuajiriwa hadi kustaafu, alikuwa Kadenge. Kazi halali kabisa, lakini yeye aliionea haya, na aliyeijua huku nyumbani ni Kadii peke yake, kwa sababu ndiye aliyezikung'uta suruali zake.

Mambo yangeendelea hivyo kama binti yao Mitchelle, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, hangepata mchumba. Kati ya wanaume wote waliojaa pwani hii, akamchagua Ishmael, dereva wa treni ya mizigo. Tena mshenga wa Ishmael angekuwa ami yake Zachary, dereva mstaafu. Kadenge alimkumbuka vizuri Zachary huyo, tangu kule depo ya reli Mombasa. Aliomba Mungu tu Zachary asimkumbuke yeye. Mwingine angemeza ulimi wake mapema, lakini Kadenge alikwenda zake kwa Batula akawaalika wote waje wasikie madereva watatu wakizungumza.

Siku ya wageni ikanyesha. Udongo mweusi wa njia ya Golbanti ukawa uji, na pikapu iliyowaleta, imesheheni mashangazi na madumu ya pombe ya mnazi ya posa, ikazama mbele ya ua wa Kadenge, hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake. Hakuinuka. Baba wa mwari huwangoja wageni kitini, na siku hiyo aliishukuru mila hiyo kuliko siku zote.

"Leteni nguvu zaidi!" alipiga kelele akiwa kivulini. "Hiyo ni ekseli mbili tu, itavuta nini? Mwiteni Sadik na trekta yake!"

Trekta ya Sadik ikaja, ikaunguruma, ikajichimbia kaburi lake kando ya pikapu. Sasa vilivyokwama vikawa viwili.

"Nguvu farasi bado hazitoshi!" alisema Dereva.

"Hii farasi yako iko mingi, lakini yote nalala kwa tope," alisema Hiribae, na watu wakaangua kicheko.

Ishmael alikuwa kwenye matope hadi magotini, viatu vyake vya posa vimeshapotea. Hangeweza kumkosoa baba mkwe, hasa kabla hajapewa mke. Akamnong'oneza ami yake, na Zachary akacheka kwa sauti.

"Kijana anasema kweli. Nguvu zipo, kinachokosekana ni kushika. Hapa angekuwepo Kadenge wa mchanga! Hamumjui nyinyi. Kule depo tulikuwa na bwana mmoja, mchanga wake hukuti punje yenye maji. Vile vichwa vyote tunavyojisifia, vikubwa kwa vidogo, bila mtu yule vilikuwa makelele tu. Mazeras nimeipanda kwenye mvua kwa mkono wake, wala sikuwahi kumwambia ahsante."

Watu wakageuka kutazama kiti. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu Kadenge namna hiyo. Magoti yakataka kumwinua. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, *ndimi*. Lakini akamwona Hiribae anatabasamu, akamwona Batula amekunja mikono anangoja.

"Simjui," alisema. "Sisi madereva hatukujuana na watu wa mchanga."

Zachary alimtazama, matope yakimchuruzika kwenye shavu. Tabasamu lake likafifia.

"Basi pengine nimekufananisha," alisema polepole. "Macho ya uzee haya."

Hapo Kadii akatoka jikoni. Hakumtazama mtu. Alichota mchanga mkavu wa kujengea uliokuwa umefunikwa mabati, akauchekecha kwa ungo, akachukua jembe akakwangua matope chini ya tairi ya pikapu, kisha akapiga magoti na kuumwaga mchanga taratibu, uzi mwembamba, pale pale tairi inaposhikana na ardhi.

"Washa," alimwambia Ishmael. "Usikanyage mafuta sana."

Pikapu ikajivuta ikatoka; trekta ikabaki kwenye kaburi lake. Mashangazi wakapiga vigelegele. Zachary akamwinua Kadii kwa mikono miwili.

"Mama, haya umejifunzia wapi?"

"Kwa mume wangu wa kwanza," alijibu Kadii, akijifuta mikono kwenye leso. "Alikuwa mtu wa mchanga, na nilimpenda sana. Huyu dereva nilimkuta baadaye."

Garsen nzima inajua Kadii hajaolewa mara mbili.

Posa ilipokelewa, mnazi ukanywewa, lakini Dereva hakuonekana kwa Batula kwa muda mrefu. Aliporudi alikaa pembeni, akaagiza chai bila mahamri, na hakutaja ekseli hata moja. Hiribae akasogeza kiti.

"Dereva, yule bwana ya kwanza ya Mama Mitchelle, hajambo?"

Kadenge alikoroga chai yake hadi ikapoa.

"Hajambo," alisema mwishowe. "Anasema ule mchanga ulikuwa na unyevu bado. Angekuwepo yeye, hata trekta ingetoka."