Kaseti Iliyofukizwa Udi

Umeniuliza ni kitu gani kitakachokuja baada ya kompyuta na hizi simu zenu. Swali hilo, mjukuu wangu, mimi niliuliza kabla hujazaliwa, tena nikiwa nimeketi pale pale ulipoketi. Andika taratibu, wala usinirembeshee maneno. Sikusoma, lakini nikisomewa nalijua neno lisilo langu.

Katika miaka ya themanini, ilipokuwa ikielekea mwishoni, nyumba hii yetu ya Malindi ilikuwa na redio moja ya kaseti, nami peke yangu ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Watu walisema mimi ni mkali. Nilikuwa mkali, na redio ikadumu.

Mwaka mmoja katika hiyo, shangazi yako alikuwa anaolewa. Katika ukoo wetu bibi harusi hapakwi singo kimyakimya. Anapokalishwa mkekani na kusuguliwa mwili kwa liwa ya msandali na marashi, mwanamke aliye mkubwa kuliko wote humwimbia beti ambazo haziimbwi siku nyingine yoyote. Mkubwa kuliko wote alikuwa mama yangu, naye alikuwa kwake Mambrui, miguu imekwisha kukataa safari. Shangazi yako akanitazama usoni, jambo ambalo hakulizoea.

"Mama, bila sauti ya bibi mimi sipakwi singo."

"Utaolewa na vumbi?"

"Nitaolewa na vumbi."

Nikajua kwamba huyu nilimzaa mwenyewe.

Aliyetuokoa alikuwa kijana wa mdogo wangu, ambaye alikuwa fundi wa mitambo ya muziki katika hoteli moja huko Kikambala. Aliichukua redio yangu, kwa masharti mengi, akaenda nayo Mambrui, akarudi na sauti ya mama ndani ya kaseti. Tulipoisikiliza ilikuwa safi kabisa. Hata kikohozi chake cha mwanzo kilikuwamo, na jogoo wa jirani. Niliifunga katika leso, nikaiweka sandukuni pamoja na nguo za harusi.

Jioni ile tulikaa barazani tukichambua mchele wa karamu: mimi, shangazi yako, na somo yake, yaani yule mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunza na kumtayarisha kwa ndoa. Kijana akatusimulia kwamba hoteli yao imeletewa mashine mpya. Ndani yake huwekwa sahani ndogo ing'aayo, sauti imegeuzwa kuwa hesabu, na mwanga ndio unaozisoma hesabu hizo.

"Mama mkubwa," akaniambia, "kaseti imekwisha kuzeeka."

"Na baada ya hiyo sahani?"

"Kompyuta. Sauti zote za dunia zitakaa ndani ya kompyuta."

"Na baada ya kompyuta?"

Nadhani huko hotelini hakuna aliyepata kumuuliza. Akaokota punje moja ya mchele kutoka katika ungo wangu, akaiinua. "Labda kitu kidogo kama hiki. Harusi nzima ndani ya punje."

"Basi kuku ataimeza," akasema somo, "tuanze kumfuata kuku uani tusikie vigelegele."

Shangazi yako akasema labda sauti itatiwa ndani ya mtu mwenyewe, kama chanjo, akitaka kumsikia bibi yake anafumba macho tu.

"Wallahi, mimi nikichanjwa sauti ya mama mkwe wangu, nitahama mwili!" akasema somo.

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi sikucheka, niliuokota. Kisha nikawaambia kwamba chochote kitakachokuja, kisitake betri, kisiogope chumvi ya upepo wa hapa, na kisimpe fundi sababu ya kushinda jikoni kwangu akila. Kijana akasema masharti hayo ni magumu kuliko mahari.

Siku ya singo wanawake walijaa ndani. Shangazi yako aliketi mkekani, amejifunika leso, liwa imekwisha kulainishwa. Kijana, kwa kuwa mwanamume haingii, alikaa nje ya mlango kutuelekeza. Nikabonyeza kitufe kwa mkono wangu.

Ilitoka sauti ya ng'ombe aliyeamshwa usingizini. Ikavuta, ikanguruma, ikageuka mlio wa panya, kisha ikakatika. Nilipofungua, ukanda ulikuwa umejisokota kama tambi, na kutoka ndani ya redio ikapanda harufu nzuri mno.

"Nani ameigusa?" nikauliza.

Somo akainamisha kichwa. "Niliifukiza."

"Uliifukiza?"

"Nilizipanga nguo juu ya tenga, chetezo cha makaa chini, udi unafuka. Nayo nikaiweka. Ni kitu cha harusi, dada yangu. Kingenukia plastiki mbele za watu?"

Nikaipitisha kaseti mlangoni. Tukamsikia kijana akivuta pumzi. "Imepinda kwa moto, mama mkubwa. Haiponi. Lakini inanukia kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka. Shangazi yako alivuta leso usoni, akasema polepole, "Nilisema sipakwi." Liwa ilianza kukauka bakulini. Nami, ambaye sikuimba mbele za watu tangu nilipozaa, nikaanza beti ya kwanza, kwa kuwa sikuona njia nyingine.

"Siyo hivyo," akasema somo, "unaianzia chini." Akaipandisha. Mwanamke wa pili akasema yeye alipopakwa singo maneno yalikuwa mengine. Wa tatu akawakatiza wote wawili. Walibishana huku wakiimba, waliimba huku wakibishana, na kila aliyemkosoa mwenzake alikuwa na kipande ambacho mwenzake hana. Shangazi yako akafunua uso ili asikie vizuri. Alipoanza kucheka, somo akachota liwa, akampaka begani kabla hajabadili nia. Beti ya tatu ndiyo iliyotushinda. Tuliiimba kila mtu na yake, kwa nguvu sana, ili kosa lisijulikane ni la nani.

Nje ya mlango kijana alikuwa ametia kaseti mpya katika redio aliyoiazima kwa jirani, akatunasa sote.

Fungate ilipokwisha tulikwenda Mambrui kumsikilizisha mama. Alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa. Ilipofika beti ya tatu akainua mkono.

"Simama hapo! Hiyo mmeiharibu."

Kaseti ikaendelea.

"Nimesema simama! Nakwambia umekosea, nawe wazidi kukosea?"

"Haisikii, bibi," akasema kijana, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Basi haina adabu."

Kijana akanigeukia. "Mama mkubwa, swali lako nimelipatia jibu. Baada ya kompyuta kitakuja chombo ambacho bibi akikikosoa kitaona haya."

"Kije upesi," akasema mama, "mimi sina muda wa kukingoja."

Akaagiza redio izimwe. Akamwita shangazi yako akae chini, mgongo umeelekea magotini pake, akampaka marashi kidogo utosini, akamwimbia beti ya tatu kama inavyopaswa. Alipomaliza, shangazi yako akairudia. Alikosea mahali pamoja, akapigwa kikofi cha bega, akairudia tena, naye bado alikuwa anacheka. Siku hiyo nami nilicheka, tena kwa sauti. Kijana aliniangalia kama aliyeona redio ikiota miguu.

Sasa mna vyombo vinavyojibu ukivisemesha, nimevisikia. Juzi nilikikosoa cha kwako, kikaniomba radhi, kisha kikakosea vile vile. Bado hakijaona haya. Kwa hiyo tunangoja bado.

Nawe harusi yako imekaribia. Weka kalamu chini, sogea hapa, unigeuzie mgongo. Tunaanza na beti ya tatu.